Nakala ya Baukje

Kama kuna jambo moja Hylke Terpstra alijivunia maishani, ni kwamba hakuwahi kumwibia mnunuzi wake. Wachoraji wengine wa bamba la shaba, wale wanaochonga picha kwenye shaba na kuichapa karatasini, usiwaone hivyo. Mtu ataahidi nakala thelathini, thelathini zitaisha, na wateja wakizidi kubisha hodi ataingia karakana, afunge mlango, apake bamba wino, alipitishe kwenye mashine, na nakala ya thelathini na moja hiyo hapo, mbichi kabisa. Nani atajua? Hylke hakuwa mtu wa mambo hayo. Nakala alizoahidi zikiisha, alishika sindano nene akalikwaruza bamba kona hadi kona mbele ya kadamnasi, krrrr, mlio wa kutia meno ganzi, na baada ya hapo hata malkia aje na msafara wake, hapati kitu. Watu walimpigia makofi, na makofi yale aliyapenda sana.

Sasa Jumatatu moja asubuhi alivuta droo ya chini ya kabati lake la karatasi, akakuta haina kitu.

"Haiwezekani," akajiambia. Akavuta ya juu yake. Akapekua bahasha, akainua vumbi, akapiga chafya. Alikuwa anatafuta nakala moja tu, ya picha ya baba yake, mzee Sytse, amekaa dirishani anafunga viatu vya kutelezea barafu, vile vya zamani vya mbao vyenye chuma chini na kamba za ngozi. Ndiyo picha iliyompa Hylke jina. Jumamosi ile dada yake Baukje alikuwa anatimiza miaka sabini, na nakala hiyo ilikuwa yake. Aliahidiwa tangu baba yao yu hai, na ahadi ilikuwa imekaa mpaka imeota ukungu. Wiki iliyopita kwenye simu Hylke aliirudia kwa kishindo: "Dada, mara hii sina maneno mengi. Siku yako nakuja na baba mkononi." Baukje akasema, "Haya, tutaona." Ndugu yako akikwambia tutaona kwa sauti ile, ujue umebakiziwa nafasi moja.

Alipokaa kwenye kigoda ndipo ikamjia. Desturi ya kazi yao ni kwamba mchoraji hujiwekea nakala chache nje ya zile za kuuzwa. Hylke alijiwekea tatu. Moja aliipeleka kwa jamaa wa mfuko wa wasanii pamoja na maombi ya msaada, ikarudi imekunjwakunjwa kama karatasi ya kufungia samaki, na msaada wenyewe hakuupata. Ya pili alimpa mtengeneza fremu badala ya malipo. Ya tatu, ile ya Baukje, aliiuza mwaka uliopita paa lilipovuja juu ya mashine. Alimuuzia daktari wa meno wa Franeker, aliyekuja na mkewe wakisema wamezunguka kote wanaitafuta. "Hii ni ya mwisho duniani," Hylke aliwaambia, na aliposema hivyo alijisikia mtu mkubwa. Dada yake hata hakumpitia kichwani.

Durk, mfinyanzi wa chumba cha pili, aliingia bila kubisha kama kawaida yake, udongo hadi viwikoni. Jengo lao pale Harlingen, kaskazini mwa Uholanzi, lilikuwa shule zamani. Manispaa iliwaachia wasanii kwa kodi ndogo mpaka apatikane mnunuzi, na kila mara walikuja watu wenye makoti mazuri wakapima madirisha bila hata kuwasalimia.

"Mbona umekaa kama umefiwa?" Durk akauliza.

"Nimeuza nakala ya dada yangu."

"Umeuza nini?"

"Ile ya baba. Nilimwekea dada, nikaiuza, kisha nikasahau kwamba nimeiuza."

Durk akaangua kicheko, halafu akauona uso wa mwenzake, akakikata. "We mtu we! Sasa si umchapie nyingine?"

"Bamba nimelikwaruza. Mbele ya watu, umesahau? Mstari umepita usoni kwa baba kama barabara."

"Mchapie hivyo hivyo, na mkwaruzo wake. Dada yako atakupeleka mahakamani?"

"Durk, mimi nina jina."

"Jina!" Durk akafyonza. "Jina lako mbona haliwezi kuziba paa? Nenda kwa huyo daktari ukamwangukie miguuni. Halafu mwambie na mimi nina gego linaniua."

Ili mjue kwa nini jambo hili lilimuuma Hylke hivyo, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Mzee Sytse alipoishiwa nguvu za miguu, aliyebaki naye nyumbani Kimswerd ni Baukje. Ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemnyoa ndevu kwa povu na wembe kama mzee alivyopenda. Hylke alikuwa msanii. Katika ukoo wao neno hilo lilitosha kama cheti cha daktari: hakuna aliyemuuliza zamu yake ya Jumapili, hakuna aliyemwambia aje alale na baba. "Hylke ana kazi zake," walisema, kwa nusu heshima na nusu kejeli, na yeye akachukua ile nusu ya heshima akaenda nayo.

Ndipo majira fulani ya baridi akaanza kuja kila Jumanne, na karatasi na penseli, kumchora baba. Mzee alifurahi mpaka akawa mkali. "Kama unanichora, nichore nikiwa mtu," alisema. "Sitaki blanketi. Baukje, lete viatu vyangu vya barafu." Baukje akavileta, akamfunga kamba, akatandika zulia chini ya vile vyuma visikate sakafu. Mzee akainama dirishani, mikono kwenye kamba, kama anasubiri filimbi ya mashindano. Akasimulia alivyotumbukia kwenye tundu la barafu karibu na kinu cha upepo, akatoka, akaendelea na mbio suruali imeganda kama mabati. "Nilisikia ikigonga, ko, ko, ko!" Hylke alicheka hadi penseli ikateleza, na Baukje akasimama nyuma yake na birika la kahawa, anaangalia baba yake anavyotokea kwenye karatasi. Watatu hao hawakuwa wamekaa pamoja hivyo tangu mama yao afariki.

Basi picha ikaisha, ikaenda kwenye maonyesho Leeuwarden kwa mama mmoja mwenye ukumbi, Froukje, na siku ya kwanza tu watu wakaigombania. Hylke alikuwa anapeana mikono na wakubwa alipomwona dada yake kwenye foleni, ndani ya koti lake la kanisani, mkoba kifuani.

"Dada! Unafanya nini hapo?"

"Si nanunua."

"Ununue? Picha ya baba yako mwenyewe? Usinitie aibu mbele za watu bwana!"

"Pesa ninazo, Hylke. Nimeziweka kwa kazi hii hii."

"Toka hapo. Wewe si mteja, wewe ni dada yangu. Nitakuletea mwenyewe mpaka nyumbani, bure, na fremu juu yake."

Baukje alimtazama, akafunga mkoba, akatoka kwenye foleni. Bibi aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele, akanunua. Saa moja baadaye nakala zote zilikuwa zimekwisha, Hylke akashika sindano yake mbele ya umati, krrrr, makofi.

Mimi ninayewasimulia, nikisema nilikereka, nimepunguza. Ukarimu wa namna hii ninao ugomvi nao mpaka kesho. Mtu anakunyima haki ya kununua kwa sababu anakupenda, halafu hakupi, kwa sababu bado anakupenda na anajua hutaondoka. Baukje alipiga simu mara moja, akapiga tena. "Ile picha utaileta lini? Ningetaka iwe hapa mapema." Hylke akamjibu, "Wiki ijayo, dada. Wateja hawasubiri, ninyi mpo." Na hakuwa anadanganya kuhusu wateja. Baada ya picha ile kila mwenye baba mzee alimtaka Hylke. Alizunguka vijiji na baiskeli na penseli zake, akawachora wazee wenye mabomba ya tumbaku, wazee wenye mbwa, wazee waliolala usingizi mdomo wazi huku binti zao wakiomba radhi. Kwa mara ya kwanza aliishi kwa mkono wake, bila kuwafundisha wastaafu jioni jinsi ya kuchora maua ya tulipu, bila kuchapa kadi zenye picha za meli kwa watalii. Nani angemlaumu? Mwaka mmoja ukapita, mwingine ukaja, mzee Sytse akafa. Mazishini watu walimwambia Hylke, "Angalau umetuachia ile picha," naye akainamisha kichwa kwa adabu, na Baukje alikuwa anapitisha sinia la kahawa.

Basi Jumanne ile alipanda treni kwenda Franeker. Daktari wa meno, Okke Wiarda, alikuwa ameitundika picha kwenye chumba cha kusubiria, juu ya viti. Mzee Sytse alikuwa anafunga kamba zake juu ya kichwa cha mama mmoja aliyevimba shavu. Hylke hakuwa ameiona picha hiyo kwa muda mrefu. Ilikuwa nzuri. Ilimuuma zaidi kwa kuwa nzuri.

"Bwana Terpstra!" Daktari akatokeza na mikono iliyolowa. "Jino gani?"

"Si jino, daktari. Nimefuata picha. Nataka tubadilishane. Njoo karakana uchague yoyote. Chagua mbili. Chagua tano."

Daktari akaacha kujifuta mikono. "Hiyo haibadilishwi. Unakumbuka ulituambia nini siku ile? Ya mwisho duniani. Mke wangu alilia njia nzima."

"Ilikuwa ya dada yangu."

"Ilikuwa ya dada yako lini? Siku ile uliyoniuzia?"

"Siku ile ile."

Mama wa shavu akashusha gazeti lake. Daktari akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya Hylke ashindwe hata kumkasirikia.

"Hapo umeninyima raha, bwana," daktari akasema. "Nitakuwa sina amani nikiitazama. Lakini kuitoa sitoi. Baba wa mke wangu alikuwa hivi hivi, na mgongo huu huu. Kila mchana mke wangu anakuja kunywa chai yake hapa, anaitazama tu. Sikiliza, nina kamera nzuri nyumbani. Niache nikupigie picha yake, uso na kila kitu, umpelekee dada yako."

"Mimi nimpelekee dada yangu picha ya picha?" Hylke akasema. Alikuwa ameshakasirika, na aliyemkasirikia ni nafsi yake. "Hapana. Ahsante. Mimi ni mchoraji, daktari."

"Chukua bwana," mama wa shavu akasema kwa tabu. "Si bora hiyo kuliko mkono mtupu?"

Hakuchukua. Mwiba wa kujichoma hauna pole, na yeye alijichoma akausukuma ndani zaidi. Alirudi na treni iliyofuata, akipita mifereji ambayo baba yake aliijua yote kwa majina, na alipofika Harlingen alikuwa ameshaamua. Angeliponya bamba. Angeufuta mkwaruzo, achape nakala moja, moja tu, ya Baukje. Ni kweli angevunja neno lake kwa wanunuzi wote. Lilimuuma, lakini alisema potelea mbali, safari hii waumie wao.

Shaba husamehe, ukiijulia. Mstari usio wa kina unaukwangua kwa kisu cha pembe tatu, unaugonga kwa nyuma shaba ipande, kisha unalainisha kwa chuma chenye mafuta, taratibu, mpaka pang'ae. Tatizo ni kwamba siku ile ya maonyesho Hylke alikandamiza kwa mikono miwili ili na watu wa nyuma wasikie. Hata hivyo alianzia kwenye kona, kwenye pazia na ukuta, na kazi ikaenda vizuri. Akashuka kwenye sakafu ya picha, akazichora upya nyuzi za zulia kwa sindano. Jumatano jioni alichapa karatasi ya majaribio, na ungeulizwa mkwaruzo ulipita wapi ungeuona usoni tu, kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni, kama kovu.

Durk akaishika karatasi ile mwangani. "Hii imetosha," akasema. "Funga, mpelekee."

"Bado kuna kovu."

"Mzee mwenyewe si alikuwa na makovu? Uliniambia alianguka barafuni maisha yake yote."

"Hilo si kovu la baba, ni la kwangu. Kesho naliondoa."

"Hylke, nisikilize mimi. Naujua ugonjwa huu, hata mimi ninao. Chungu kizuri nimeshika, nasema nikipunguze hapa kidogo tu, kinanivunjikia mkononi. Acha hapo hapo."

Lakini mwambie hivyo mtu ambaye maisha yake yote amelipwa kwa kutoacha. Jicho lililomfanya aone kosa ambalo mwingine haoni ndilo lililomlisha, basi alidhani litamwokoa na hapa. Alhamisi alikwangua. Kovu likafifia, likabaki kivuli. Akakwangua kivuli. Ikaondoka mikunjo iliyokuwa pembeni mwa pua. Akasema ataichora upya, akaendelea. Likaondoka jicho moja. Mchana alipopaka wino na kuchapa, baba yake alitoka kwenye mashine na mikono yake, mgongo wake, kamba zake, dirisha na mfereji nyuma yake, na pale penye uso pakawa peupe, pasafi, palipolainishwa vizuri sana.

Hylke alijipa ujasiri. Akakaa na sindano Ijumaa nzima aurudishe uso ule. Na hapa, jamani, ndipo alipoogopa kweli. Mkono wake ulikumbuka mistari, ulikumbuka pale alipokandamiza na pale alipopunguza, lakini uso wenyewe haukumjia. Zile karatasi za penseli alishaziuza zote. Alichora pua, akaiangalia, akaona ni pua ya mzee mwingine, mmoja wa wale wa kulipiwa, hata hakujua yupi. Akaifuta. Akachora mdomo, mdomo ukawa wa mtu asiyemfahamu. Akaufuta na wenyewe. Aliwaza kwenda Kimswerd kuomba albamu ya familia, akaona haya. Akalia, bila sauti, kichwa juu ya mashine, na Durk aliyepita mlangoni akarudi kwake taratibu.

Jumamosi aliifunga nakala ile ya uso mweupe kwenye karatasi ya kaki. "Nenda nayo hivyo hivyo," Durk alimwambia. "Ukweli wenye aibu ni afadhali kuliko kumpelekea maua." Akapanda baiskeli, upepo wa pembeni ukimsukuma na mzigo wake, hadi Kimswerd.

Sebuleni watu walikuwa wameshakaa kwenye duara, kila mtu na kikombe chake, kila mtu na kipande kimoja cha keki. Hylke akazunguka akimpa kila mtu mkono, maana kwao siku ya kuzaliwa hupongezwa kila aliyepo, si mwenye siku peke yake. "Hongera kwa dada yako." "Hongera kwa shangazi yako." "Hongera kwa jirani yako." Binamu mmoja akamtania, "Msanii kafika! Leo hakuna mtu wa kuchora?" Wote wakacheka, naye akacheka nao. Kisha Baukje akamwita jikoni kwa ishara ya kichwa.

Alikuwa anakata keki ya pili, ile yenye sukari ya waridi juu. Akafuta vidole kwenye aproni. "Leta basi," akasema.

Akaifungua kwa uangalifu, asichane karatasi. Alitazama kuanzia chini. "Viatu vyake," akasema. "Zulia langu hilo, lile lenye tundu. Mikono yake, ona kidole hiki kilivyopinda." Uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha, na Hylke alitamani angeishia hapo. Kisha macho ya Baukje yakapanda. "Uso uko wapi?"

Hylke akamwambia yote, bila mpangilio, daktari, paa, sindano, kisu. Alipomaliza, Baukje akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo yangu uliiuza."

"Niliiuza, dada. Nisamehe. Nitachora upya, naapa. Nipe albamu, nitakuja kukaa hapa hapa, nikutengenezee ya kutundika sebuleni, nzuri kuliko ile."

"Nani kakwambia nilitaka ya kutundika?"

"Si ulitaka kumbukumbu ya baba."

"Kumbukumbu!" Baukje akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nimemnyoa baba miaka yote ile, Hylke. Uso wake naujua kwa vidole, hata nikifumba macho. Mimi picha niliitaka nimwonyeshe yeye."

"Yeye nani?"

"Baba. Baba hakuwahi kuiona." Aliiegemeza picha kwenye birika, polepole. "Wewe siku ya mwisho ulikusanya karatasi zako, ukasema 'haya baba, tutaonana,' ukaenda zako. Hukumwambia umemaliza. Jumanne iliyofuata, tumeshakunywa kahawa, ananiambia, 'Baukje, nivalishe viatu, Hylke anakuja.' Nikamwambia, baba, ile kazi imekwisha, inapelekwa maonyesho Leeuwarden. Akanicheka. 'Ingekuwa imekwisha angeniletea niione,' akasema. Sasa ningemjibu nini? Nikamvalisha."

Hylke akashika ukingo wa meza.

"Na Jumanne ya pili yake nikamvalisha," Baukje akasema. "Kila Jumanne, mpaka wiki aliyokufa. Hata kiangazi, jua linawaka, baba yuko dirishani na viatu vya barafu. Anakaa ameinama vile vile ulivyomweka. Hakunywa hata maji, alisema akitikisika atakuharibia kazi. Jioni namvua, miguu imevimba, ananiambia, 'Leo amebanwa, atakuja wiki ijayo.' Ndiyo maana nilitaka ile picha. Aione imekwisha, aache."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nilikupigia. Ulisema upo kwa watu, unachora."

Sebuleni mtu akaita kahawa. Baukje akaichukua picha kwa pembe zake, akaiweka juu ya kabati isije ikapata siagi, akajaza sinia vipande vya keki, akapita mlangoni. Duara zima likampokea kwa wimbo wa siku ya kuzaliwa.

Hylke akabaki jikoni amesimama. Ni kweli, Jumanne zile zote alikuwa kazini, kwenye nyumba za watu, anachora baba za watu. Akajaribu kumkumbuka angalau mmoja wao, jina lake, kijiji chake, kiti alichokalia. Hakumkumbuka hata mmoja.